Kofia Nyekundu ya Sekela

Ukifika Tukuyu ukauliza habari za Radi, jiandae kusikia uongo. Mmoja atakuambia alikuwa askari aliyefukuzwa kazi. Mwingine atakuapia kwamba alikuwa Mzambia. Wa tatu, hasa kama ameshapiga chupa mbili tatu, atasema walikuwa wakinywa pamoja. Hakuna aliyekunywa naye. Radi alikuwa mkulima wa ndizi na viazi kijijini Lupepo, mama wa binti mmoja aitwaye Atupokile, na jina lake ni Sekela.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Maduka ambayo jana yake yalikuwa na viberiti na vumbi, sasa yalijaa sabuni za rangi, mabeseni ya plastiki na redio za betri. Marobota ya mitumba yalifunguliwa kila siku ya soko. Kila mfanyabiashara alikuwa akisaka mbinu ya kuwavuta watu waje kwake wasiende kwa jirani. Mmojawao, Ezron, alikuwa na duka la mabati na mitumba mtaa wa Bagamoyo. Mdomo wake peke yake ulitosha kuita watu hadi Kyimo, lakini alinunua kipaza sauti vilevile.

Jirani na duka hilo palikuwa na gereji ya Jairo, mume wa Sekela. Jairo alikuwa fundi pikipiki hodari, ila ujanani alianguka vibaya kwenye mteremko wa kwenda Kiwira, na tangu hapo mikono ilimtetemeka kila injini ilipopandisha sauti. Angeweza kuifungua pikipiki na kuifunga tena huku amefumba macho. Kuiendesha kwa kasi hakuthubutu. Na pikipiki iliyotengenezwa lazima ijaribiwe, kwa hiyo kazi ya kujaribu ikamwangukia mkewe.

Sekela alijifunza upesi kuliko mumewe alivyotarajia. Asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka mashambani, alivaa ovaroli la Jairo akaingia kwenye njia zinazopita katikati ya chai. Njia zile zina mitaro ya kutolea maji ya mvua, na mvua ya Rungwe haina utani. Siku ya kwanza aliruka mtaro kwa bahati mbaya, breki zilipogoma. Kesho yake aliuruka tena, na breki zilikuwa nzima.

“Nilitaka kujua kama ile raha ya jana ilikuwa ya kweli,” alimwambia Jairo.

“Ikawaje?”

“Ni ya kweli.”

Jairo akashika tama. Alimjua mkewe, akishapenda jambo, kumzuia ni kujichosha bure. Tena, ukweli usemwe, alipomwona akikata ukungu juu ya mtaro, moyo wake mwenyewe uliruka pamoja naye. Badala ya kumkataza akakaza springi za pikipiki.

Tatizo lilikuwa moja tu, na lilikuwa kubwa. Jina lake mzee Amoni.

Mzee Amoni alikuwa baba yake Jairo, mstaafu wa kiwanda cha chai na mzee wa kanisa, na mji wao ulikuwa mmoja: nyumba yake juu, nyumba ya Jairo chini, migomba katikati. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Akipita, mkamwana hujificha. Wakikutana ghafla, hugeuka na kujifunika uso. Vijana wengi walikwisha kuanza kuiacha desturi hiyo, lakini mzee Amoni aliishika kwa mikono miwili kama alivyoishika Biblia. Kila alipokaribia nyumba ya mwanawe alikohoa kwa nguvu ili mkamwana apate nafasi ya kujistiri, na Sekela naye alikuwa amezoea kiasi kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa na akili zake. Kikohozi kikisikika tu, mkono ulikwisha kuvuta ncha ya kanga usoni kabla mwenyewe hajafikiri. Tangu aolewe alikuwa hajauona uso wa mzee yule.

Usidhani kulikuwa na uadui, la hasha. Mzee alimpenda mkamwana wake, na mapenzi hayo yalipita kwa mkewe Atuganile au, Atuganile akiwa shamba, kwa mgomba. Alisimama nyuma ya jiko, akalipa jiko mgongo, akaueleza mgomba: “Mwambie mama Atupokile, ndizi za leo zilikuwa tamu.”

Na Sekela, ndani ya jiko, alikiambia chungu kwa sauti ya kusikika: “Chungu, mwambie baba nimeshukuru.”

Waliishi hivyo, na waliishi vizuri. Sasa mweke mkamwana huyo juu ya pikipiki, kavaa suruali, kapanua miguu, mbele ya soko zima la Tukuyu, na baba mkwe yumo humo sokoni. Ingekuwa aibu ya ukoo. Jairo angeambiwa ameshindwa kutunza mke, na Sekela angerudishwa kwao Kyimo akaombewe radhi. Hiyo ndiyo hofu aliyolala nayo na kuamka nayo. Kuvunjika shingo hakukumtisha kama kuonekana na mzee Amoni.

Siku Ezron alipofungua duka lake la pili, alikuwa ametangaza kwamba kijana kutoka Mbeya angeruka mapipa kwa pikipiki. Watu wakafurika mpaka wakapanda juu ya mapaa. Kijana wa Mbeya hakutokea. Ezron akakimbilia gereji akiwa na jasho usoni, licha ya baridi ile ya Tukuyu.

“Jairo, niokoe. Watanila nyama.”

“Mimi siruki,” Jairo akasema, na bila kukusudia akamtazama mkewe.

Ezron alifuata macho yake. Alikuwa mtu wa mdomo mrefu, lakini biashara aliijua. “Shemeji,” akasema taratibu, “ni kweli?”

“Baba mkwe yuko wapi?” Sekela akauliza.

“Yupo pale mbele, kashika nafasi tangu asubuhi,” Ezron akajibu.

Sekela akaketi juu ya tairi. Machozi yalimlenga kwa hasira, maana injini alikuwa anaisikia na mapipa alikuwa anayaona. Ezron akatoka mbio, akarudi na kitu alichokuwa amekitoa kwenye robota la mitumba miezi mingi nyuma bila kupata mnunuzi: kofia nyekundu ya sufu, inayoshuka mpaka shingoni na kufunika uso wote, ikiacha macho tu. Watu waliogopa kuinunua wakisema ni ya majambazi wa Ulaya. Sekela aliivaa, na ovaroli la Jairo. Akajitazama katika kioo cha pikipiki, akaona macho mawili ambayo yangeweza kuwa ya mtu yeyote.

Aliyaruka mapipa yale akatua upande wa pili kwa magurudumu yote mawili. Kisha soko likalipuka. Ezron, ambaye hakuwa ameandaa jina, alisikia ngurumo ikitoka Mlima Rungwe akapaza kwenye kipaza sauti: “Radi! Mmemwona Radi!”

Jioni hiyo Sekela alikuwa jikoni akipika, mikono bado inamwasha kwa kushika usukani, mzee Amoni alipomsimulia Atuganile uani. Kinyakyusa hakina sauti ya “r”, na mzee alikuwa mtu wa Kinyakyusa mpaka kwenye Kiswahili chake.

“Mama, nimemwona Ladi. Kijana yule ana moyo, Kyala wetu wa mbinguni anajua. Ametoka chini kama anakwenda sokoni tu, halafu nikamwona yuko juu. Juu, mama! Ningekuwa na mtoto kama yule!”

“Una Jairo,” Atuganile akamkumbusha.

“Jailo ni mtoto mwema. Sisemi kitu. Lakini Ladi!”

Sekela aliziba mdomo kwa kanga asicheke, kisha akajikuta analia. Tangu azaliwe hakuna mwanamume mzima aliyewahi kumsifu kwa jambo lisilotoka kwenye chungu. Akauchochea moto kupita kiasi, ugali ukaungua kidogo, na mzee hakuona.

Basi Radi akapanda chati. Wafanyabiashara wakagombania kumwalika. Aliruka Kyimo, akaruka Kiwira, akaruka Lupepo kwao wenyewe, kijijini alikojulikana na kila kuku, na hakuna aliyemtambua. Jairo alijenga jukwaa la kurukia la mianzi na mbao za mkaratusi, akalipima kwa jicho lake la kifundi. Upande wa kutua aliweka majani makavu ya mgomba. Tangu hapo mikono ya Jairo ilitetemeka kwa sababu nyingine. Radi hakusema neno, hakupeana mkono na mtu, na baada ya kuruka alipotelea njia za chai. Watu wakasema anaringa. Wengine wakasema ana dawa. Wasichana wa kuchuma chai walimtungia nyimbo za mapenzi, na Sekela, akifanya nao kibarua siku nyingine, aliziimba kwa sauti kuliko wote.

Mzee Amoni hakukosa hata mara moja. Alikwenda kwa miguu hadi Kiwira na fimbo yake, akarudi na simulizi za wiki nzima. Aliifahamu miruko yote. Aliweza kusema wapi Radi aliinama, wapi alichelewa kuongeza mafuta. Na kila aliposimulia, Sekela alisikiliza nyuma ya ukuta, akajirekebisha safari iliyofuata. Nasema bila kutia chumvi: nusu ya umahiri wa Radi ilitoka kwenye kinywa cha mzee yule, na mzee hakuwa na habari.

Ndipo Ezron, ambaye kichwa kilikuwa kimeanza kumvimba, akaja na wazo la lori. Si mapipa tena. Lori la ndizi zinazokwenda Dar es Salaam, limejazwa mikungu mpaka juu, na Radi aliruke kwa ubavu. Jairo alikataa. Sekela alilizunguka lori lile mara kadhaa, akaipapasa mikungu, akauliza kama jukwaa linaweza kuinuliwa.

“Linaweza,” Jairo akasema kwa shida. “Mikono yote miwili lazima ibaki kwenye usukani mpaka tairi liguse chini. Ukilegeza hata mmoja, pikipiki itageuka.”

“Nimewahi kulegeza?”

“Hujawahi.”

Siku hiyo uwanja wa mpira wa Tukuyu haukuwa na pa kuweka mguu. Walipanda watu wa Kyela na samaki wao, wakashuka wa Mbeya na kamera. Na Ezron, kwa kutaka kumfurahisha shabiki mkubwa kuliko wote, akafanya jambo ambalo hakumweleza mtu. Alimtoa mzee Amoni kwenye umati, akamvisha shada la maua, akampeleka upande wa pili wa lori, mwisho kabisa wa majani ya kutulia, ili awe wa kwanza kumpa Radi mkono. Lori lilimkinga. Toka kwenye jukwaa, Sekela hakuweza kumwona.

Alikuja kwa kasi, mianzi ikalia, na akapaa. Walioona wanasema hakuwahi kupaa vile. Mikungu ya ndizi ikapita chini yake yote, ukungu ukapasuka, na akawa juu kabisa, mikono miwili kwenye usukani, mwili umetulia. Akatazama mbele atakapotua. Pale mbele alisimama mzee Amoni na fimbo yake, kavua kofia, kainua uso moja kwa moja kumwelekea.

Hakikuwepo kikohozi. Hapakuwa na mgomba wala ukuta. Sekela alikuwa na sufu nyekundu usoni, asingejulikana hata na mama yake mzazi. Hilo alilijua fika. Lakini mkono wake wa kushoto haukujua. Ukaachia usukani, ukapanda begani kutafuta ncha ya kanga isiyokuwepo, ukapita usoni kujifunika.

Pikipiki ikageuka, kama Jairo alivyosema.

Alipopata fahamu alikuwa chali kwenye majani, mguu umelala upande ambao mguu haulali. Jairo alikuwa bado anapambana kupita kwenye umati. Vijana walikuwa wamemzunguka, na wengine walianza kupiga kelele: “Avue! Avue kofia!” Ezron, kwa kuchanganyikiwa, akapaza kwenye kipaza sauti kwamba avuliwe apumue. Mkono wa mtu ukashika sufu shingoni.

Fimbo ikaanguka kwenye mkono ule.

“Atakayeigusa kofia hiyo ataanza na mimi,” mzee Amoni akasema.

Vijana wakarudi nyuma. Mzee alivua koti lake, akalitupa juu ya kichwa cha aliyelala bila kumtazama, kisha akageuka akampa mgongo na kupanua miguu kama mlinzi wa geti. Wakamwuliza kama anamjua mtu huyu. Alikuwa akilitazama tairi la lori, na Sekela chini ya koti alimsikia akiliambia tairi lile, taratibu, kwa sauti aliyoijua miaka yote ya ndoa yake: “Mwambie Ladi atulie. Hakuna aliyemwona.”

Hapo Sekela akajua kwamba mzee amejua. Wanaume wanaoanguka hujikinga kichwa au huita mama zao. Anayefunika uso mbele ya mzee Amoni alikuwa mmoja tu duniani. Maumivu ya mguu yalikuwa makali, lakini aibu iliyompata ilikuwa kali zaidi, akaomba koti lile lisiondolewe kamwe.

Jairo alifika akambeba akiwa amefunikwa vilevile. Waganga waliunga mfupa, ila nyonga haikurudi kama zamani. Kijijini ilisemwa kwamba mkewe Jairo aliteleza mtaroni akibeba ndizi, na siku zile hakuna aliyeshangaa mtu kuteleza Lupepo. Sekela alirudi na mkongojo, akajua bila kuambiwa na mtu kwamba hatapanda tena. Jairo alitaka kuiuza ile pikipiki. Sekela akamwomba aifunike tu kwa turubai.

Sifa za Radi nazo zikaoza upesi. Wakasema aliogopa. Wakasema dawa iliisha nguvu. Ezron alitafuta kijana mwingine, akamvisha kofia nyekundu, akamtangaza kuwa Radi amepona. Kijana yule alifika kwenye jukwaa injini ikazima, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mzee Amoni aliondoka kabla ya wote. “Huyo si Ladi,” aliwaambia waliokuwa njiani, hata wale ambao hawakumwuliza. Kisha vibanda vya video vikafunguliwa mtaa wa Bagamoyo, na watu wakapata wengine wa kuwashangaa.

Kilichomtesa Sekela hakikuwa hicho. Tangu aanguke, mzee alikuwa hajasema neno nyuma ya jiko. Alipita akakohoa, akaenda zake. Mgomba haukupewa ujumbe. Simulizi za uani zilikwisha. Sekela alihesabu ukimya ule kuwa hukumu, akawa anangoja tu siku ya kuambiwa afungashe. Akamwambia Jairo hivyo. Jairo akamjibu kwamba akiondoka wataondoka wote, na maneno hayo yalimpa nguvu, ingawa hayakumpa usingizi.

Asubuhi moja, mvua imekatika, Sekela alikuwa jikoni, Atuganile kando yake akimenya maharage. Kikohozi kikasikika nyuma. Mkono wa kushoto ukavuta kanga. Hatua zikasimama karibu na mgomba.

“Niulizie mama Atupokile,” mzee akauambia mgomba, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeibeba haja kwa muda mrefu. “Siku ile, alipokuwa juu kabisa ya lile loli. Aliona nini?”

Maharage yakaacha kudondoka kwenye beseni. Atuganile hakuinua kichwa.

Sekela alikitazama chungu, mpokeaji wa maneno yake yote tangu aje mji ule. Kisha akasema bila kukipa chungu ujumbe, moja kwa moja ukutani, kwa sauti yake kamili: “Niliona uso wa baba. Ulikuwa unacheka.”

Hatua zikaondoka, zikapanda kwenda nyumba ya juu. Sekela akaona amekwisha kujiharibia. Kusema naye moja kwa moja, hata kupitia ukuta, ilikuwa kuvunja kilichobaki. Akaufikia mkongojo.

“Kaa,” Atuganile akasema.

Hatua zikarudi, nzito zaidi, na pamoja nazo zikaja hatua nyingine laini za kwato kwenye tope. Hazikusimama kwenye mgomba. Zilizunguka kona ya jiko, zikaja upande wa mlango. Katika ukoo wao ipo njia ya kuimaliza heshima ile: baba mkwe humpa mkamwana mnyama wa kufuga, wakasalimiana ana kwa ana. Wazee wengi huingia kaburini bila kuitumia, na Sekela hakuwahi kuiota.

Hakuna aliyekohoa.

Mzee Amoni alisimama mlangoni, kamba ya mtamba mwekundu mkononi, uso wake mpana ukiwa wazi kwenye mwanga, na alikuwa anatetemeka kuliko Jairo. Mkono wa kushoto wa Sekela ukapanda, ukashika ncha ya kanga, ukaanza kuivuta.

Kisha ukaiachia.

“Ugonile, Ladi,” mzee akamsalimia.

“Ndaga, baba,” akajibu, akimtazama.